Shavu la Kushoto la Sajini

Kwamboka,

Jana jioni nilikuambia usimguse Sajini, na ulipouliza kwa nini, nikakujibu kwamba sitaki maswali. Ulikula kimya, ukalala kimya, na asubuhi umeondoka kwenda Marani kuaga wenzako bila kunywa chai. Sikulaumu. Mtu aliyelipwa maisha yake yote kuuliza wengine maswali hana haki ya kumwambia mwanawe asiulize.

Sasa ni mchana. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, mahali ninapouona mlango wa stoo. Nikimaliza barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome kabla hujaenda huko nyuma. Kesho asubuhi basi lako la kwenda chuoni Eldoret linaondoka Kisii mjini. Asubuhi hiyo hiyo, mtaa wa pili kutoka kituo cha basi, Sajini atakuwa amelazwa juu ya meza ya daktari wa mifugo, amelewa dawa ya usingizi, anang'olewa meno. Anaweza asiamke. Nimeona ni afadhali ulijue hilo kutoka kwangu, leo, kuliko ulisikie njiani kwa simu ya mtu mwingine.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala chakula, wala watu wa kuepuka. Hayo tumeyasema hadi yamekuchosha. Nitakuandikia kilichotokea hapa nyumbani ulipokuwa Nyaramba kwa shangazi yako, kwa mpangilio ule ule niliokiona. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyotangazia habari redioni na ndani yake najua kutulia. Nikianza kwa Ekegusii nitaishia kukugombeza.

Ulipoondoka, Sajini alikuwa anaangusha chakula. Uliliona hilo, ukaniambia. Alikuwa akiokota tonge la ugali, akilitafuna upande mmoja, kisha linadondoka na yeye analitazama kama limewekwa pale na mtu mwingine. Nilikujibu kwamba ni mzee. Nikaanza kumlowekea ugali kwenye maziwa, nikajiona nimefanya wema. Kuhusu ile harufu ya mdomo wake, nilisema mbwa wazee hunuka. Hata gunia lake nililihamisha kutoka mlangoni nikalipeleka nyuma ya tangi la maji, na yeye akalifuata bila kunung'unika.

Siku ya pili baada ya wewe kwenda, Mzee Nyakundi alikuja kuchukua maziwa yake ya asubuhi. Unajua desturi yake: anapita pale kwenye uwazi wa ua, anasema "Bwakire, Sajini" kabla ya kunisalimia mimi, anatoa ndizi mbivu mfukoni, anaimenya na kumpa. Siku hiyo Sajini aliipokea ndizi, akaiangusha. Udenda ulikuwa unamtoka kwa nyuzi ndefu hadi kifuani. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na uvimbe ambao jana yake sikuuona, au niliuona nikadhani ameumwa na nyuki. Nyakundi akainama, akamshika mashavu kwa mikono miwili kama anavyomshika siku zote. Sajini hakunguruma. Alimuuma tu, mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na kiganja, akarudi nyuma hadi ukutani akitetemeka.

"Mama Kwamboka," Nyakundi alisema, bila kupaza sauti, "mbwa wako ameniuma."

"Nimeona."

"Si wewe ulisema mzee mwenzangu hana meno?"

"Nilisema yamepungua."

Akautazama mkono wake. Damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye kifundo. "Yaliyobaki yanatosha," alisema.

Nilimvuta hadi kwenye bomba la tangi, nikafungua maji, nikamsugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Alilalamika kwamba namchubua. Niliendelea robo saa nzima, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya mtu akiumwa na mbwa usiyemwamini, nami wakati ule, kwa mara ya kwanza tangu tuwe naye, nilikuwa simwamini Sajini.

Nataka uelewe nilichokuwa nakiona. Mbwa anayetoa udenda. Mbwa ambaye hawezi kumeza. Mbwa mpole ambaye ghafla ameuma mtu anayempenda. Miaka mingi kabla hujazaliwa nilitumwa hospitalini kuandika habari ya mtu aliyepatwa na kichaa cha mbwa. Nilisimama dirishani pa wodi. Walimletea maji kwenye kikombe na koo lake likakataa, mwili mzima ukakataa. Daktari aliniambia kwamba dalili zikishaanza hakuna dawa, na sauti yake haikubadilika alipokuwa akisema. Sikuwahi kukusimulia. Ndicho nilichokuwa nakitazama nilipokuwa namsugua Nyakundi mkono.

Sajini nilimsukumia ndani ya stoo kwa mpini wa jembe. Aliingia mwenyewe, mkia chini. Nikafunga kufuli.

Tulikwenda zahanati na Nyakundi. Nesi alitayarisha sindano, akauliza kama mbwa amechanjwa. Nikasema chanjo yake imepitwa na mwaka.

"Kwa nini mama, na wataalamu walikuja mpaka sokoni?"

Nyakundi alijibu kabla yangu. "Muulize mzee wa kanisa aliyewakataza."

"Yuko wapi huyo mzee?"

"Unamdunga sindano."

Hukuwepo siku ile, ulikuwa bwenini. Watu wa mifugo walikuja kuchanja mbwa uwanjani pa soko, na siku waliyopanga ilikuwa Jumamosi. Chifu alitangaza wiki nzima. Lakini Sabato ni Sabato, na Nyakundi alisimama mbele ya kanisa akasema mbwa watangoja Jumapili. Jumapili watu wa mifugo walikuwa wameshahamia kata nyingine. Wakatoliki walichanja mbwa wao wote. Sisi tuliimba. Baada ya hapo ningeweza kumpeleka Sajini mjini siku yoyote kati ya sita zilizobaki za kila wiki, mwaka mzima. Sikumpeleka. Hilo si la Nyakundi.

Alasiri Osoro alifika, yule wa bodaboda, na wenzake watatu. Walikuwa na rungu na mtarimbo. Walisimama nje ya lango kwa adabu, wakanisubiri nitoke.

"Mama Kwamboka, tunakuheshimu," Osoro alisema. "Lakini kuna watoto hapa. Tutoe huyo mnyama tumalize, wewe ingia ndani usione."

"Nani amekuambia ana kichaa?"

"Anatoa povu. Ameuma mzee. Unataka aandike barua?"

Wenzake walicheka. Mimi pia ningecheka siku nyingine. Nikamwambia kwamba wakimuua leo hawatajua kama alikuwa mgonjwa wa kichaa au la.

"Tukimuua leo, mama, hatutahitaji kujua."

Halikuwa neno la kijinga. Kama Sajini alikuwa na kichaa, Osoro alikuwa upande wa haki na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya lango nikilinda kifo cha mtoto wa mtu. Nilikuwa nimeshika komeo. Nakumbuka nilijiuliza swali nililokuwa nikiwauliza vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu: umeona nini, na umeambiwa nini? Nilichoona ni udenda, uvimbe, na ndizi iliyoanguka. Kichaa nilikuwa nimekiongeza mwenyewe, na Osoro akakiongeza, na kufikia jioni kijiji kizima kingekuwa kimekiona kwa macho.

Ndipo Nyakundi alipotokea kwenye uwazi wa ua, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Osoro, nani ameumwa?"

"Ni wewe, omogaka, mzee wetu."

"Basi mbwa ni wangu mpaka nipone. Nikitaka afe nitakuita. Namba yako ninayo, unaniendesha kila wiki na hujawahi kuwa na chenji."

Waliondoka, ila Osoro alirudi hatua chache akaniambia taratibu, peke yangu: "Mama, akitoka humo ndani, sitauliza mtu." Nilimwambia sawa. Nilimaanisha.

Jioni alikuja Daktari Akinyi. Humjui, ni mama wa makamo kutoka ng'ambo ya Homa Bay, anatibu mifugo pale mjini, anazungumza polepole kama anayehesabu shilingi. Hakufungua mlango. Alimulika tochi kupitia nafasi za mbao akamtazama Sajini kwa muda mrefu, huku akiniuliza maswali. Anatafuna upande gani? Ameanza lini kuangusha chakula? Mdomo unanuka tangu lini? Niliposema "kama mwaka hivi," aliizima tochi.

"Uvimbe ule chini ya jicho si wa jicho," alisema. "Mbwa ana jino kubwa la juu, lina mizizi mitatu, na mizizi yake inafika pale pale. Jino likioza kwenye mzizi, usaha unatafuta njia, na njia ya karibu ni chini ya jicho. Nafikiri ni hilo."

"Kwa hiyo hana kichaa."

"Sijasema hivyo. Nimesema nafikiri ni jino. Mbwa anaweza kuwa na jino bovu na kichaa kwa pamoja."

"Anakunywa maji. Nimemwona."

"Maji hayathibitishi kitu, mama. Siku kumi ndizo zinazothibitisha. Kama alikuwa na kichaa siku aliyouma, ndani ya siku kumi ataonyesha na atakufa. Akivuka siku kumi akiwa hai na akili zake, jirani yako hakupata kichaa kutoka kwake. Kabla ya hapo sitatia mkono mle, na wewe hutatia, na hakuna mtu atakayetia. Hata akilia."

Aliacha dawa ya kuua vijidudu na ya kupunguza maumivu, za kuchanganya kwenye uji. Akasisitiza kwamba Nyakundi amalize sindano zake zote, mbwa awe mzima au asiwe. Kisha akaniambia neno ambalo nimelifikiria kila siku tangu hapo: "Uvimbe ukipungua, usije ukaniambia amepona. Dawa inatuliza usaha. Mzizi unabaki pale pale."

Hapo ndipo ningeweza kukupigia simu. Nilimpigia shangazi yako badala yake, nikamwambia asikuambie. Nilijua ungeacha majani ya chai ya watu kwenye kikapu ukaja, na ningekukuta stoo usiku umemkumbatia. Ulipokuwa na miaka saba ulimleta kutoka huko huko Nyaramba ndani ya kikapu cha kuchumia majani, ukakataa mtu mwingine akibebe njia nzima. Nilijiambia nakulinda. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka unikumbushe kuwa uliniambia anaangusha chakula.

Siku hizo nilizipitisha nikisukuma bakuli kwa mpini wa jembe kupitia tundu la chini ya mlango. Uji, maji, uji. Nyakundi alikuja kila asubuhi, lakini sasa hakupita jikoni kuchukua maziwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye stoo, akaweka jicho kwenye nafasi ya mbao.

"Bwakire, Sajini," alisema. Kisha kwangu: "Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi na mimi napumua."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa amekonda. Mke wake aliniambia hali chakula cha jioni. Sindano alikuwa anapata, na zinafanya kazi zikianza mapema, daktari wa watu na wa mifugo wote walimwambia hivyo. Ila mtu akishakaa akifikiria jambo lile, sindano inabaki kuwa sindano na wazo linabaki kuwa wazo.

Kisha ikaja Sabato. Ijumaa usiku Sajini hakugusa uji. Asubuhi nilimkuta amelala akitazama ukuta, miguu ya nyuma imelegea, hanijibu nikimwita. Nilimgonga kidogo kwa mpini, akageuza macho tu. Daktari alikuwa amenieleza kwamba kichaa kinaweza kuja kimya, mbwa akalegea tu, taya likaning'inia. Taya lake lilikuwa wazi kidogo. Sikwenda kanisani. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mlango ule, nikawasikia watu wakiimba kule juu, na nikajua kwamba Osoro, ambaye haendi kanisa lolote, yuko barabarani akiosha pikipiki yake na anaweza kuona lango letu.

Katikati ya ibada Nyakundi alikuja. Alikuwa na koti lake la kanisani na Biblia kwapani. Aliniona nimekaa pale akasimama mbali.

"Amekufa?"

"Hapana. Ila hali yake si nzuri."

Alikuja akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikigonga mbao. Kisha akasema, "Mama Kwamboka, njoo uone. Kuna kitu kinamtoka."

Chini ya jicho ngozi ilikuwa imepasuka. Usaha uliochanganyika na damu ulikuwa unashuka shavuni, mwingi, na harufu yake ilitufikia kupitia mbao. Sajini alijikung'uta kichwa mara moja, akalala tena, na safari hii alilaza kichwa juu ya miguu ya mbele kama mbwa anayelala kweli. Baada ya muda aliinuka, akayumba, akaenda kwenye bakuli, akalamba uji wa jana wote hadi bakuli likagonga ukuta.

Nyakundi alivua kofia. Alirudi kanisani kabla hawajamaliza, na baadaye nilisikia kwamba alipoulizwa alikuwa wapi alisema alikwenda kumwona mgonjwa.

Nilimpigia Daktari Akinyi. "Vizuri," alisema. "Sasa endelea kungoja."

Hivyo uliporudi jana, ilikuwa bado siku moja. Ulimwona kupitia mbao, uso umevimba, manyoya yameganda, ukaniuliza nani amemfanya hivyo, ukanyoosha mkono kwenye komeo. Nikakupigia kelele. Ningekuambia ukweli, ungetaka kujua kwa nini hakuchanjwa, kwa nini hukuambiwa, kwa nini gunia lake liko nyuma ya tangi. Nilichagua kelele kwa sababu ilikuwa fupi.

Leo asubuhi, ukiwa Marani, daktari alikuja na Nyakundi akaja naye. Siku kumi zimeisha. Nilifungua kufuli. Sajini alitoka hatua mbili, akaketi, akamtazama Nyakundi, akapiga mkia chini mara moja. Nyakundi alimfikia kwa mkono wa kushoto, taratibu, ubavuni, si usoni. Kwanza daktari alimchanja. "Leo ni siku ya kawaida," Nyakundi alisema, "hakuna atakayelalamika." Kisha daktari akamfunga pua kwa bendeji isiyobana sana, asije akauma, na kumwinua mdomo wa juu ili tuone.

Nitakueleza nilichokiona kwa sababu nataka ukijue, na kwa sababu mwaka mzima sikuinua mdomo ule hata mara moja. Meno ya nyuma huyaoni. Yamefunikwa na ukoga mgumu, wa rangi ya kahawia, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai. Ufizi umekuwa mwekundu kama nyama mbichi, umerudi nyuma hadi mizizi imebaki wazi, na ukiugusa kwa pamba unatoa damu. Lile jino kubwa la kushoto limepasuka. Meno madogo ya mbele yamelika hadi yako sawa na ufizi. Daktari aliuliza kama alikuwa akibeba mawe. Nikasema ndiyo, miaka mingi, mchezo wenu wa kurusha na kuleta pale kwenye njia ya mto. Akasema mawe hufanya hivyo. Sikuandikii hili ujilaumu. Mbwa wote wa huku hurushiwa mawe, na wako walau ulimrushia ayalete. Alipogusa jino moja la chini kwa ncha ya kifaa chake, lilianguka kiganjani mwake bila kuvutwa. Sajini hakushtuka. Nafikiri ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba hakushtuka.

"Huyu ameishi na maumivu muda mrefu," daktari alisema.

"Mbona hakulia?"

"Mbwa halii kwa jino. Anaacha tu mambo. Anaacha mfupa, anaacha kucheza, anaacha kushikwa uso. Watu wanasema amezeeka. Uzee si ugonjwa, mama. Ugonjwa ndio huu."

Alinieleza jinsi unavyokuja. Ukoga laini unakaa kwenye jino, usipotolewa unakuwa jiwe, jiwe linaingia chini ya ufizi, na kule chini linakula mfupa unaolishika jino. Angekuwa kijana angesuguliwa meno kwa kitambaa chenye unyevu mara chache kwa wiki, bila dawa yetu ya meno kwa sababu inamdhuru, na huenda tusingefika hapa. Sasa kusugua hakusaidii. Kesho atamlaza, akwangue ukoga hadi chini ya ufizi, ang'oe yote yaliyolegea na lile lililopasuka, ashone. Anafikiri yatabaki machache, labda machonge mawili. Nilimuuliza mbwa ataishije bila meno. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Vizuri kuliko anavyoishi nayo," alisema. "Ugali laini, nyama iliyosagwa, baada ya wiki mbili utashangaa."

Kisha alimsikiliza kifua, akasikiliza tena. Moyo una sauti ya ziada. Alichukua damu mguuni, akaipima mjini, akanipigia simu saa moja iliyopita. Figo zimechoka kidogo. Atampa dawa ya usingizi kwa kiasi kidogo, atamwekea maji kwenye mshipa, atakuwa na msaidizi wa kumtazama pumzi wakati wote.

"Anaweza asiamke?" nilimuuliza.

"Anaweza. Sitakudanganya. Lakini tukimwacha, usaha utarudi, utaingia kwenye damu, na hizo figo ndizo zitakazolipa. Ningekuwa na mbwa huyu, ningemlaza."

Nimekubali. Nimekubali bila kukuuliza, ingawa ni mbwa wako, kwa sababu sikutaka ubebe uamuzi huo ndani ya basi. Ukinikasirikia kwa hilo, nikasirikie mimi. Mimi niko hapa, nina mahali pa kuiweka hasira hiyo.

Sina mengi ya kukufundisha kutokana na haya. Huko uendako utakutana na watu wengi watakaokuambia jambo ni la kawaida: mwenzako wa chumba hali, ni kawaida, fulani amenyamaza siku hizi, ndivyo alivyo. Waulize nani ameinua mdomo akatazama. Mimi nilikuwa na jina la kutazama mambo, Kwamboka. Niliaminiwa na watu wengi ambao hawajawahi kuniona. Na kilichokuwa mlangoni pangu nilikipa jina la uzee ili nisilazimike kuinama. Ukiwa na maumivu wewe mwenyewe, usiwe kama Sajini. Lia. Nipigie hata kama ni saa mbaya, hata kama unadhani ni jambo dogo, hata kama tuligombana juzi yake.

Na kama siku moja nikikuambia tena kwamba sitaki maswali, elewa kwamba jibu ninalo, na linaniogopesha.

Kesho utapanda basi. Usibadilishe. Najua utataka kuja kusimama nje ya mlango wa daktari, lakini hakuna utakachofanya pale, na chuo hakitangoja mbwa aamke. Nyakundi amesema atakuja nami kumshika hadi dawa ishike. Ameomba yeye mwenyewe, na bendeji bado anayo. Nitakupigia utakapokuwa umefika, si kabla, usije ukapokea habari umesimama katikati ya watu usiowajua. Sitakuzungusha. Sentensi ya kwanza itakuwa ama "Ameamka" au "Hakuamka." Salamu zitafuata.

Sasa nenda stoo. Kufuli nimeliondoa, na gunia lake nimelirudisha mlangoni. Usimpe chakula, hata akikuomba, tumbo lake lazima liwe tupu kufikia kesho, maji anaruhusiwa. Usianze na kichwa. Kaa chini upande wake wa kulia, mkono ubavuni, umsubiri. Shavu la kushoto bado linamuuma, lakini la kulia atalileta mwenyewe.

Mimi nitakuwa jikoni. Ukimaliza kukaa naye, njoo uniulize chochote.

Mama yako